Sentimita Tisa

Alipoingia mara ya kwanza dukani kwangu, Barani,
pale kati ya kinyozi na muuza makubadhi,
aliweka koti jeusi juu ya cherehani:
"Fundi, limerudi."
Nikaligeuza, nikatazama mishono. Halikurudi.
Mtu ndiye aliyekwenda mbele.
Sikumwambia. Ufundi nusu yake ni kunyamaza.

Nikamzungushia futikamba kifuani: mia na kumi na moja.
"Ngoja," akasema. Akavuta pumzi
taratibu, kama ateka kisima chenye kamba ndefu,
futikamba ikanichopoka vidoleni:
mia na ishirini.
"Andika zote. Hii ya mtu. Hii ya kazi."

Ottorino Vescovi, mwimbaji wa opera, mstaafu,
nyumba ya makuti kule Kasuarina,
piano imeliwa na chumvi upande mmoja, na mchwa upande wa pili.
Maisha yake niliyapata kwa vipande,
jinsi alivyoleta nguo.

Joho la mtawala, nyuzi za dhahabu zimeng'oka:
hilo la usiku wa kwanza, Rovigo.
Mamake alikuwa kibarua wa mpunga,
maji magotini, miruba miguuni.
Nikasema hata kwetu Tana wanalima hivyo.
Akanitazama upya.
Usiku ule walimlipa paja la nguruwe;
akaniomba radhi kwa kulitaja.

Koti jekundu la askari: Lisbon, Kairo, Buenos Aires.
Miaka ishirini na miwili alikufa jukwaani
kwa sumu, kwa kisu, kwa wivu,
mara mia sita na ushei,
na kila akifa aliinuka, akainama, akaenda kula.
Mimi nilitazama kwapa,
chumvi iliyoganda kwenye bitana.
Makofi hayaachi alama nguoni. Jasho huacha.

Ya Parma alinieleza bila nguo.
Huko wazee hukaa roshani ya juu kabisa,
tiketi rahisi, masikio ghali.
Sauti ilipanda, ikafika pale ilipozoea kufika,
ikakatika
kama uzi uliolala dukani misimu mingi.
Mmoja kule juu akakohoa. Basi.
"Wangezomea," akasema, "ningebaki."

Mwanafunzi wangu Mwachiro hana haya na mtu:
"Babu, sauti waitoa wapi?"
Akauchukua mkono wa kijana, hakuuweka kooni,
akauweka mgongoni, karibu na figo.
Tulikuwa tumeshaswali alasiri. Umeme umekatika.
Akatoa sauti moja, wala si wimbo, sauti moja
ndefu,
wembe wa kinyozi ukasimama juu ya taya la mteja,
pini zangu zikatetemeka koponi.
Ilipokwisha, muuza makubadhi akasema polepole:
"Huyu alipotea njia ya mnara."
Nikamfasiria. Akacheka mpaka akaketi.

Mwaka wa mwisho koti jeusi lilikuja bila yeye.
Alilileta binamu yake, yule wa aiskrimu: azikwe nalo.
Nikaenda mochari na futikamba.
Tisini na nne.
Nikangoja. Mkono una mazoea,
unangoja kuambiwa ngoja.
Mashine ya baridi inanguruma peke yake.
Nikaandika moja.

Usiku nikakata, nikashona tisini na nne.
Alfajiri nikafumua,
nikamrudishia sentimita tisa.

Binamu akalitazama jenezani:
"Fundi, mbona kifuani limezidi?"
Nikamwambia nguo hurudi.